Chumvi ya Toronto na Chumvi ya Gongoni

Sisi tuliolelewa mwambao, tulioijua chumvi ikikokotwa kwa reki katika majaruba ya Gongoni, pwani ya Kenya, na kurundikwa vilima vyeupe kando ya bahari, tufikapo Toronto na kuiona ikimwagwa barabarani kwa malori usiku kucha, hupigwa na bumbuazi. Aghalabu hutoka Goderich, katika mgodi uliochimbwa kiasi cha mita 550 chini ya Ziwa Huron, na Kanada nzima hutumia takriban tani milioni 5 kila mwaka.

Manufaa yake hayana shaka, kwani maji yenye chumvi hayagandi upesi, na roho nyingi husalimika. Lakini chumvi haiozi: theluji ikiyeyuka huteremka nayo mitaroni na vijitoni, na nyingine huzama ardhini hata ikafikia maji ya visima, ndiyo maana serikali ya Kanada, baada ya uchunguzi wa miaka, iliamua mwaka 2001 kwamba chumvi ya barabarani inadhuru mazingira, na mwaka 2004 ikaitolea mwongozo wa matumizi. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Nani kwetu asiyekijua kisima kilichoingia chumvi, ambacho maji yake hukataa povu la sabuni na kuharibu chai? Tofauti ni kwamba kwetu bahari huvutwa na pampu zinazoteka maji matamu kupita kiasi, ilhali huku chumvi huletwa kwa lori. (Wala tusijitukuze: majaruba yale yale yamekula mikoko mingi.)

Dawa waliyoipata wenyeji wa huku si kuiacha chumvi, bali kuipima. Kabla ya dhoruba gari hupita likichora lamini mistari ya maji yenye chumvi asilimia 23 hivi, ambayo hukauka ikabaki michirizi myeupe sambamba, na theluji ikianguka haishikani na lami. Chumvi kavu nayo hulowanishwa inapotoka garini, kwa sababu punje kavu hurukaruka zikaishia majanini. Na baridi ikipita nyuzi 10 chini ya sifuri, ambapo chumvi ya kawaida karibu haifui dafu, mwenye busara hutia mchanga.

Hata hivyo israfu kubwa, kwa nionavyo, haiko katika barabara kuu, bali katika viwanja vya kuegesha magari na vizingiti vya majumba, ambako mkandarasi, kwa kuhofu kushtakiwa na atakayeteleza akavunjika nyonga, humwaga ndoo nzima pahali ambapo kopo lingetosha. Nimekanyaga punje za buluu zilizolala unene wa kidole juu ya saruji kavu isiyo na chembe ya barafu. New Hampshire, huko Marekani, waliung'amua mzizi huo, wakatunga sheria ya kumkinga na madai mkandarasi aliyefuzu mafunzo ya kutumia chumvi kwa kadiri. Ontario, mkoa ulimo mji wa Toronto, tangu 2021 humtaka aliyeanguka atoe taarifa ndani ya siku 60: jambo ambalo huenda likapunguza kesi, lakini halimfunzi mwenye ndoo kupima.