Darubini Mbili Katika Safari ya Gede na Mida

Wengi wetu tulisikiapo neno darubini twadhani ni chombo cha nahodha, au cha mtalii aliyekuja kutazama simba. Lakini ziko darubini ndogo za macho mawili, zikunjwazo zikaingia katika mfuko wa kanzu, nazo zamfaa mwalimu, mvuvi na mtoto wa chuoni. Chuo chetu kilikuwa na fedha za kununulia moja tu, nazo ni michango ya wazazi ya mwaka mzima, na mabishano yalikuwa juu ya mbili. Basi tukaziazima zote kwa ndugu wawili walio nazo, tukatoka Malindi na wanafunzi 12 kwenda Gede, na kutoka hapo hadi hori ya Mida, tupate kuzijaribu mahali penye vitu vya kutazamwa.

Moja imeandikwa 8x25 na ya pili 10x25. Nambari ya mbele yaeleza ni mara ngapi kitu huvutwa karibu, na ya nyuma ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Vijana walipoona 10 walikwisha kata shauri kabla hatujatoka mlangoni.

Gede ni mji wa mawe ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Liko kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na msikiti mkuu ambao kibla chake chatambulikana mpaka leo. Tuliwaomba watoto waadabike hapo, wakaadabika kwa muda wa kutosha. Miti mikubwa imeota juu ya kuta, na chini yake mna kivuli kizito. Humo hukaa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye kiuno chake ni cha rangi ya dhahabu na mbio zake ni za umeme. Kwa ile ya 10 hakuna aliyemwona ila majani yaliyotikisika. Sababu ni kwamba darubini ivutayo sana huonyesha kipande chembamba cha nchi, na jicho likishampoteza mnyama halimpati tena. Kwa ile ya 8 watoto watano walimwona.

Mida ndiko tulikokaa sana. Daraja la mbao lililotundikwa kwa kamba lapita katikati ya mikoko mpaka kibanda cha kuangalilia ndege, na kiingilio chake husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani. Tulifika maji yakijaa, na hiyo ndiyo saa yake. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali juu ya matope, bali yakijaa husukumwa wakakusanyika. Tulimtafuta hasa ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, alaye kaa. Huyu huzaa katika pwani na visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, akichimba shimo na kutaga yai moja, kisha hushuka kwetu. Njia ya majahazi ya kaskazi yeye aijua bila nahodha.

Juu ya daraja lile linalobembea, ile ya 10 ilitutia kizunguzungu. Kila mtetemo wa mkono huvutwa mara 10 pamoja na ndege mwenyewe. Lakini haki isemwe: tulipofika kibandani tukaegemeza viwiko, ilishinda. Kijana mmoja aliona pete katika mguu wa ndege, jambo ambalo ile ya 8 haikulionyesha. Anayekaa mahali pamoja akiwa na cha kuegemea, na ainunue hiyo. Sisi wavaa miwani, hata hivyo, tuliona duara dogo tu, kwa kuwa ile yataka jicho likaribie mno kioo.

Jioni ilitufunza zaidi. Ukigawa 25 kwa 8 wapata milimita 3 na kidogo. Kwa 10 wapata 2 na nusu. Huo ndio upana wa mwali wa nuru unaoingia jichoni, na mboni ya jicho gizani hufunguka kupita hapo. Kwa hiyo zote mbili hufifia magharibi, ila ya 10 hutangulia. Mwenye kutaka darubini ya usiku achukue 7x50 ya mabaharia, akubali na uzito wake shingoni. Kwa kuutafuta mwezi mwandamo juu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ile ya 8 yatosha kuonyesha mahali, kisha macho yafanye kazi yake. Wala mtoto asiielekeze angani kabla jua halijazama kabisa, kwani jua kupitia kioo hicho hupofua kwa nukta moja.

Tumenunua ya 8, iliyozibwa isiingie maji na kujazwa gesi ya naitrojeni, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo. Vijana watatu wangali wakinung'unikia ile ya 10. Tumewaambia bamvua lijalo twende tena Mida, nao wailete.