Nakhodka, Mji wa Kushuka kwa Ruhusa

Mukuba wetu unatoka hapa kwa kamioni na treni, unafika bandarini, kisha meli inaubeba ng'ambo. Je, tulisha kujiuliza watu wa meli wanapokelewa namna gani kule?

Twende mpaka Nakhodka, bandari ya Urusi kwenye Bahari ya Pasifiki. Wakati wa Umoja wa Kisovieti, mji jirani wa Vladivostok ulifungiwa wageni, sababu meli za vita zilikaa pale. Ulifunguliwa mwanzo wa 1992 tu. Basi meli za biashara za kigeni zilitumwa Nakhodka.

Mabaharia wazee walioshuka mu bandari za Kisovieti wanasimulia mambo yaleyale. Meli ikisha kufunga kamba, askari wa mpaka wanapanda, wanapekua vyumba, wanahesabu watu. Mumoja anabaki kwenye ngazi, anachunga. Bila karatasi ya ruhusa, hakuna kushuka. Kupiga picha bandarini, hapana. Usiku, kila mutu arudi kwa saa iliyowekwa.

Lakini kulikuwa pia nyumba moja kwa ajili yao, iliitwa Interklub. Mule kulikuwa sinema, vitabu vya lugha nyingi na muziki. Ni kweli, serikali ilitaka kuwavuta kwa mawazo yake. Hata hivi, mutu aliyekaa majuma mengi juu ya maji, akipata kiti na mwenzake wa kuongea naye, roho inatulia.

Makanisa nayo yalifahamu njaa ile. Waanglikana walianza utume wa mabaharia mu 1856. Wakatoliki walianzisha Stella Maris kule Glasgow mu 1920. Na kazi haijaisha: mu 2020, sababu ya Covid, mabaharia karibu 400,000 walibaki melini hata kisha mkataba kwisha. Waliona taa za mji, lakini kushuka, hapana.

Sisi wa kambi za migodi tunajua bariyeri na mulinzi wake. Karatasi inafungua bariyeri. Haifungui mulango wa nyumba. Ule tunaufungua sisi wenyewe. Vijana, Siku ya Mungu inayokuja, angalieni nani amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Mathayo 25 inatuambia huyo mgeni ni nani.