Wawili katika Ufuko wa Mwitanzige

Abiria aondokaye Koboko alfajiri huiacha nyuma yake milima ambako mipaka ya nchi tatu, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, hukutana. Barabara ya lami humfikisha Arua kabla jua halijawa kali. Kutoka Arua, mji uliojengwa juu ya nyanda zenye hewa nzuri, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, njia huteremka kuelekea kusini-mashariki na kupita Nebbi. Kadiri gari linavyoteremka ndivyo joto linavyozidi. Mwisho wa mteremko huo ni Pakwach, na hapo pana daraja juu ya mto Nile.

Jamaa nyingi za askari wa jeshi na wa polisi zimelivuka daraja hilo, pamoja na mabunda, masufuria na watoto, zikielekea kituo kipya cha kazi. Wengi huyatazama maji kwa dakika moja, kisha hurudi usingizini. Lakini mwendo mfupi tu wa mashua kutoka hapo, kuelekea kusini, wafika mahali ambapo mto huo unatoka katika Ziwa Albert. Ziwa hilo lina urefu wa kiasi cha kilomita 160. Katika ufuko wake wa mashariki, mwaka 1864, ulipita msafara wa watu wachache waliodhoofika kwa homa. Walioungoza walikuwa wawili: Mwingereza Samuel Baker na mwenziwe Florence. Habari yao yafaa kusomwa na kila nyumba iliyowahi kufunga mizigo kwa ajili ya safari ndefu.

BWANA NA BIBI

Samuel Baker alizaliwa mwaka 1821. Alikuwa mtu wa mali, mwindaji hodari na mwenye moyo mgumu. Florence alikuwa mdogo wake kwa miaka 20 hivi. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Romania, akapoteza wazazi wake kwa vita, na inasimuliwa kwamba Baker alimkuta mwaka 1859 katika mji wa Vidin, kando ya mto Danube, akiwa anauzwa mnadani kama mtumwa. Tangu siku hiyo hawakutengana. Ndoa yao ilifungwa kanisani London mnamo Novemba 1865, baada ya safari kwisha. Lakini njia nzima waliishi kama mume na mke, na kila mtu aliwajua hivyo.

Waliondoka Cairo mwezi wa Aprili 1861. Mwezi wa Desemba 1862 waliondoka Khartoum kwa mashua tatu, wakiwa na watu 96, farasi, ngamia na punda. Mwezi wa Februari 1863 walifika Gondokoro, karibu na mahali ulipo mji wa Juba leo. Hapo walionana na Speke na Grant waliokuwa wakitoka kusini. Speke aliwaeleza kwamba kuna ziwa jingine upande wa magharibi ambalo yeye hakulifikia. Wanyoro waliliita Mwitanzige. Maana yake ni ziwa liuwalo nzige.

Kabla ya kuondoka Gondokoro watumishi wao wengi waliasi. Ndipo wale wawili wakashika njia mwezi wa Machi wakiwa na watu 17 tu waliobaki. Farasi, ngamia na punda walikufa mmoja mmoja njiani, wakalazimika kupanda maksai. Dawa ya kwinini ikapungua, kisha ikaisha. Bibi alijishonea mavazi ya kufaa safari, suruali chini ya sketi fupi, jambo ambalo wanawake wa kwao wakati ule wangelionea haya.

MPINI WA SULULU

Mwezi wa Januari 1864 walifika mto Nile penye maporomoko ya Karuma, wakaingia nchi ya Bunyoro-Kitara, chini ya Omukama Kamurasi. Mruli, mahali mto Kafu unapoungana na Nile, waliwekwa wangoje kwa siku nyingi. Mtu aliyewapokea kama mfalme alikuwa kwa kweli ndugu yake Kamurasi. Mfalme mwenyewe aliona ni busara kuwapima wageni kwanza. Siku ya kuagana, mtu huyo alimwomba Baker amwachie mke wake. Baker alimwelekezea bastola kifuani. Florence naye alisimama akamkaripia kwa Kiarabu, na mkalimani wao, mwanamke aliyeitwa Bacheeta, akayatafsiri maneno yale bila kuyapunguza ukali. Yule mkuu alistaajabu, akaeleza kwamba hakukusudia ubaya, akawaruhusu waende.

Siku chache baadaye walikuwa wakiuvuka mto Kafu kwa kukanyaga majani mazito yaeleayo juu ya maji. Baker alitangulia. Alipogeuka alimwona mwenziwe amesimama, uso umebadilika rangi, anadidimia taratibu. Jua lilikuwa limempiga. Alibebwa kwenye machela, hana fahamu, siku baada ya siku, na msafara haukuweza kusimama kwa sababu hapakuwa na chakula njiani. Mume alitembea kando ya machela mchana na kukesha usiku, mpaka naye akaanguka kwa uchovu. Watu wake walikwisha kutia mpini mpya katika sululu na kutafuta mahali pa kuchimba kaburi. Asubuhi ile alipoamka, Bibi alikuwa akipumua kwa utulivu. Alifumbua macho, na macho yale yalikuwa na akili timamu.

Tarehe 14 Machi 1864 waliliona ziwa kutoka juu ya genge refu. Baker alikuwa amekusudia kupiga vigelegele vya ushindi pamoja na watu wake. Alipoyaona maji hakuweza. Waliteremka kwa miguu kwa muda wa saa mbili, Bibi ameshika bega la mumewe, wakipumzika kila baada ya hatua 20. Walipofika chini, Baker alikimbilia maji akayanywa. Yeye ndiye aliyeliita ziwa hilo Albert, kwa jina la marehemu mume wa Malkia Victoria. Lakini wavuvi waliowakuta pale walikuwa na jina lao tangu zamani.

SIKU KUMI NA TATU MAJINI

Kijiji walichofikia, Mbakovia, kiliishi kwa samaki na chumvi. Walikaa hapo siku nane wakingoja mitumbwi, wote wakiwa na homa. Walipopata mitumbwi miwili ya magogo yaliyochongwa, Baker alitengeneza kibanda kidogo cha ngozi ili Bibi apate kivuli. Haukupita muda wapiga makasia waliwakimbia usiku. Baker alifunga kasia nyuma ya mtumbwi liwe usukani, akatumia shuka lake la sufu liwe tanga.

Safari ya majini kuelekea kaskazini ilichukua siku 13. Asubuhi ziwa lilikuwa shwari. Mchana upepo ulivuma na mawimbi kupanda, nao wakalazimika kukimbilia nchi kavu na kuivuta mitumbwi mchangani. Upande wa kulia palisimama magenge marefu, na maporomoko madogo ya maji yakishuka kutoka juu. Upande wa kushoto, ng'ambo ya maji, ilionekana milima ya buluu ya nchi ambayo leo ni Kongo. Viboko walielea kama mawe. Mamba walilala kila penye mchanga. Tembo waliteremka ziwani kuoga, wakijirushia maji kwa mikonga bila kujali wapitao.

Walipofika Magungo, mahali mto kutoka mashariki unapoingia ziwani, Baker alioneshwa kwa mbali mto mwingine ukitoka ziwani kuelekea kaskazini. Nchi iliyokuwa kando yake, ukingo wa magharibi, wenyeji waliitaja kwa jina la Koshi. Huo ndio ukingo wa West Nile. Angeweza kuufuata mto ule moja kwa moja. Lakini alikuwa ameahidi kuuchunguza mto wa mashariki, naye hakutaka kuvunja ahadi. Alimwuliza mwenziwe, na Bibi, ingawa alikuwa mgonjwa, alikubali.

Waliupanda mto ule. Kiboko mmoja aliuinua mtumbwi wao kwa mgongo, na katika fungu moja la mchanga Baker alihesabu mamba wakubwa 27. Hatimaye waliona Nile yote ikijipenyeza katika mwanya wa mawe wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Baker aliyaita maporomoko hayo Murchison. Katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, kwa jina la mwana wa Kamurasi, kisha jina la kwanza likarudishwa.

WALIOBEBA SAFARI

Baada ya hapo wawili hao waliachwa peke yao kwa muda wa miezi miwili katika nchi iliyoharibiwa na vita, wakila unga wenye ukungu na mboga za mwitu, bila dawa. Walikubaliana kwamba huenda wote wawili wakafia pale. Walirejea Khartoum mwezi wa Mei 1865. Mwaka uliofuata Baker alipewa cheo cha heshima na serikali yake. Florence, kwa sababu ya yaliyotangulia ndoa yao, hakukubaliwa na Malkia Victoria kuingia mbele yake.

Heshima ile haikuwafikia wengine pia. Bacheeta, mwanamke wa Bunyoro aliyepata kuchukuliwa utumwani akajifunza Kiarabu huko, ndiye aliyekuwa ulimi wa msafara. Richarn, mtumishi mwaminifu, alistahimili mpaka mwisho. Kijana Saat, aliyeibwa kwao angali mtoto na kulelewa na Bibi Baker, alikwenda njia yote, akafa kwa tauni ndani ya mashua wakati wa kurudi, kabla ya kuiona Khartoum. Nao wavuvi wa ufukoni waliwapa chakula na mitumbwi watu ambao hawakuwajua.

Historia haina budi kusemwa yote. Baker aliuchukia utumwa, lakini alisafiri sehemu kubwa ya njia akiwa pamoja na wafanya biashara ya pembe na watumwa, kwa kuwa hapakuwa na ulinzi mwingine. Alirudi mwaka 1872 akiwa na jeshi la Misri, na Florence pamoja naye. Waacholi walimpa Bibi jina la Anyadwe, binti wa mwezi. Lakini Masindi vita vilizuka kati ya Baker na Kabalega, mji ukateketezwa, na Baker akalazimika kurudi nyuma. Njia iliyofunguliwa na wasafiri wawili ilipitiwa na bunduki nyingi.

UKINGO WA MAGHARIBI

Mto ambao Baker aliuona kwa mbali ulisafiriwa mwaka 1876 na Mwitalia Romolo Gessi, aliyepanda kutoka Dufile hadi ziwani na kulizunguka lote. Baadaye Emin Pasha aliweka kambi Wadelai, katika ukingo wa West Nile. Kati ya askari waliokuwa chini yake walitoka wengi wa mababu wa Wanubi, ambao lugha yao husikika hata leo katika masoko ya Arua na Koboko.

Pembe za ndovu ziliwavuta wengine. Nchi hii ilipokuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wawindaji walivuka mto kwa siri kuua ndovu. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alipiga kambi ukingoni ili kuwinda kifaru mweupe; mahali hapo huitwa Rhino Camp mpaka leo. Mwaka 1914 West Nile iliunganishwa na Uganda. Mwaka 1961 baadhi ya vifaru walihamishiwa ng'ambo, katika mbuga ya Murchison, ili wasalimike. Hawakusalimika. Kufikia miaka ya 1980 hapakuwa na kifaru hata mmoja wa porini katika Uganda nzima. Dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini lilikufa Kenya mwaka 2018, na majike wawili tu walibaki nyuma yake.

Tembo wana bahati kuliko vifaru. Waliuawa kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980, lakini waliobaki wamezaana, na abiria wa basi kati ya Karuma na Pakwach huenda akawaona wakivuka barabara. Mzazi anayesafiri na watoto awaamshe wafikapo hapo. Walichokiona Baker na mkewe kwa taabu ya miaka mitatu, mtoto wa leo aweza kukiona dirishani, maadamu wakubwa wake hawatakiuza.

Watu wa Arua na Koboko wanajua maana ya msafara bila kusimuliwa. Katika miaka ya 1979 na 1980 jamaa nyingi zilivuka mipaka kwa miguu kuingia Zaire na Sudan, wazee wakibebwa na watoto wakishikwa mikono, zikapokewa huko na wenyeji. Zilirudi. Mipaka hiyohiyo ilipoleta wageni, kutoka Sudan Kusini na Kongo, Rhino Camp na Lobule ziliwapa mahali pa kujenga na kulima. Hakuna aliyeliweka jina lake juu ya mlima wala ziwa kwa sababu ya safari hizo. Lakini katika nyumba nyingi bado yupo mama akumbukaye ni nani aliyempokea mzigo, na ni mto gani walipouvukia, na ni nani aliyesimama kumngoja aliyebaki nyuma.