Mtoto asiyesema asifichwe

Hapa Kamango mama mmoja mhami aliniuliza kama mikro yangu inaweza kumfungua mwanawe ulimi. Mtoto ana miaka minne. Anasema "mama" na "maji", basi. Majirani wanalaumu vita. Wengine wanalaumu kuchanganya Kitalinga, Kinande na Kiswahili.

Lugha nyingi hazimzuii mtoto kusema. Wengi wetu tumekua nazo. Hofu ya vita huweza kumnyamazisha mtoto aliyekuwa akisema, lakini huyu alichelewa hata kabla ya kukimbia. Kwanza apimwe masikio, maana uti wa mgongo na malaria kali huweza kuharibu usikivu.

Njia ya Uganda tunaijua tangu tulipokimbilia Bundibugyo Julai 2013. Mbele zaidi, Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008 kufundisha wataalamu wa kutibu matatizo ya usemi. Hapa kwetu sijakutana na hata mmoja.

Tukiwangoja, kazi ianze nyumbani. Kaa uso kwa uso na mtoto, taja kitu anachokishika, kisha ngoja ajibu, hata kwa kidole. Usimcheke. Walimu, msimrudishe nyumbani: darasani ndiko anakosikia maneno.