Watafiti wa Elimu Wasiachwe Peke Yao

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya eneo la Beni yamewatawanya wanafunzi wengi. Kisha Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, ikatutenga hata na jirani. Nani ataandika jinsi watoto hao walivyosoma, au walivyoacha kusoma? Butembo tunacho Chuo Kikuu cha Graben, alichokianzisha Askofu Kataliko mwaka 1989. Watafiti wapo, lakini daftari la kila mmoja, likiisha kupata alama, hutiwa sandukuni. Sisi walimu twaomba jambo dogo: achunguzaye shule za Beni amsomee mwenzake wa Butembo, naye amkosoe kwa upole kabla profesa hajamkosoa kwa ukali. Barabara ikifungwa, maandishi yapite kwa simu. Na mwalimu wa darasa aitwe pia, maana yeye ndiye aliyeyaona madawati yakibaki matupu.