Nyumba Inayoelea

Nilijiambia ramani ya nyumba ya mama ningeimaliza usiku tatu. Si nachora nyumba za watu Nairobi kila siku? Miaka miwili kwenye Archicad, mikono inajua njia yenyewe: ukuta, mlango, dirisha, paa, bonyeza F5 uione kwa 3D. Kaka zangu walikuwa wameahidi pesa ya mawe na simiti, wakijumlisha na bonasi ya chai ya mama ya Oktoba. Mchango wangu ulikuwa ramani. Nikaimaliza kweli usiku tatu, nikapanda matatu hadi Nyamache, laptopu mgongoni.

Ilikuwa imependeza, sitajifanya. Mita 12 kwa 8, veranda inatazama barabara, mabati mekundu. Fundi, mzee ambaye amejenga nusu ya nyumba za kijiji chetu, aliitazama kwenye skrini muda mrefu. Akageuka akatazama shamba. Akarudi kwenye skrini.

"Injinia, hii nyumba yako inaelea."

Huku kwetu shamba ni kipande chembamba kinachoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, kwa sababu kila kizazi kinagawa, na kila mwana anataka njia na anataka maji. Nimeanguka kwenye huo mteremko na mtungi wa maji nikiwa mtoto, zaidi ya mara moja. Bado nikachora nyumba juu ya ardhi bapa kama meza.

Sababu ni ya aibu kidogo. Kazini, ardhi huletwa tayari: sorveya anatuma faili yenye vimo vyote, sisi tunapachika jengo. Kifaa cha meshi, kile cha kuunda ardhi, mimi nilikuwa nakitumia tu kuweka nyasi za kijani ili mteja afurahi. Nilikuwa nimejua kasi nikadhani nimejua kazi.

Fundi hakunihubiria. Alitoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji, akanipa ncha moja. Maji hujisawazisha ncha zote mbili, kwa hiyo yanakuonyesha ardhi imeshuka kiasi gani. Tulienda kila mita 3, mistari mitatu, vipimo 15, nikiandika nyuma ya daftari la mpwa wangu, tukikimbizana na mvua ya mchana. Kutoka kona ya juu hadi ya chini: mita 1.8. Hicho ni kimo changu nikiwa na kofia.

Usiku nikaingiza vipimo vyote kwenye meshi, kimoja kimoja, kisha nikakata sekshoni. Weh. Upande wa vyumba ulikuwa unaning'inia hewani. Msingi wa kuufikia ungemeza bonasi yote kabla hatujafika kwenye madirisha. Fundi alikuwa ameyaona hayo kwa macho tu, amesimama.

Nikageuza nyumba nyuzi 90, urefu ulale kukata mteremko. Tofauti ikashuka hadi mita 1.2. Nikafurahi, nikamwita mama aone.

Mama hajui kusoma ramani lakini 3D anaielewa haraka kuliko wateja wangu wengi. Akaonyesha kwa kidole: hapa choo, hapa migomba, hapa njia ya mtoni. Halafu akauliza, "Na tata umemweka wapi?"

Tata ni baba, kwa Ekegusii. Kaburi lake liko karibu na migomba. Nilikuwa nimechora migomba. Nilihesabu kichwani nikajua, kabla ya kupima, kwamba jikoni mpya limemkalia. Mama hakunikasirikia. Alisema anaenda kufunga kuku.

Asubuhi nikachukua futi kamba. Mita 2.1 kwa 0.9. Nikapima kutoka kona ya nyumba ya zamani na kutoka kwa nguzo ya ua, ili likae mahali pake hasa. Nikarudisha nyumba mkao wa kwanza, kaburi likabaki nje, hatua nne kutoka ukutani. Kisha nikaikata nyumba katikati: nusu juu, nusu imeshuka sentimita 90, ngazi sita kati yake. Magoti ya mama hayataki ngazi, kwa hiyo chumba chake, jikoni na bafu vikapanda juu na sebule. Sisi wageni wa Desemba tutalala chini.

Fundi akatazama sekshoni. "Sasa imekanyaga." Akataka karatasi, si laptopu, nikaenda Kisii mjini kuprinti.

Maktaba ya programu ina magari, sofa, hata watu wanaotembea na mikoba. Kaburi haina. Nikalichora kwa slabu ya kawaida, nikaliweka kwenye leya yake peke yake, nikaifunga, ili nikihamisha kuta nisilisogeze kwa bahati mbaya.