Nilichorudi Nacho Kutoka Ng'ambo

Tangu nirudi kutoka Marekani mwaka 2018, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mwalimu, kwani ulirudi kufanya nini?" Huniuliza majirani, makanga wa matatu, na hata walimu wenzangu. Kwa wengi wetu, kwenda ng'ambo ni kuhama. Mtu akirudi baada ya wiki 6 hudhaniwa kafukuzwa, au ana walakini kichwani.

Ukweli ni kwamba sikwenda kutafuta maisha. Nilikwenda kujifunza zaidi kazi ninayoifanya. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili ya umma, kaunti ya Kwale. Mpango wa Fulbright, uliogharimiwa na serikali ya Marekani, uliwachukua walimu wa shule za upili kutoka nchi nyingi na kuwaweka katika chuo kikuu kwa wiki hizo 6. Tiketi, malazi na chakula vililipiwa. Familia haikuruhusiwa kufuatana nawe. Viza yenyewe ilikuwa na sharti la kukaa kwenu miaka 2 kabla ya kuomba kuhamia huko.

Kuondoka si jambo jepesi kwa mama. Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka 4. Mume wangu alikubali mara moja, lakini mama mkwe alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniita jikoni akasema, "Nenda, mwanangu. Ila urudi na kitu cha kumwonyesha huyu mtoto kwamba mamake hakwenda kutembea tu." Maneno hayo yalinikaa moyoni safari nzima.

Nilipangiwa jimbo la Ohio. Siku nyingine tulikuwa na vipindi chuoni, na siku nyingine tulipelekwa katika shule za umma, kila mmoja na mwalimu mwenyeji wake. Msomaji, nilitarajia kuona mashine. Projekta zilikuwepo, na darasa nililopangiwa lilikuwa na wanafunzi 19, idadi ambayo mwalimu wa kwetu huiona ndotoni. Lakini mwenyeji wangu alikuwa akinunua penseli na vitabu vya hadithi kwa pesa zake mwenyewe. Sheria ya huko ilimruhusu mwalimu kuondoa gharama kama hizo, hadi dola 250 kwa mwaka, katika mapato yanayotozwa kodi. Nikajua ualimu ni ule ule.

Kilichonishangaza ni kwamba katika darasa lake la wageni wanaojifunza Kiingereza nilisikia Kiswahili. Walikuwa watoto wa Kikongo. Mwaka huo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na watu wengi wa mashariki mwa nchi hiyo huzungumza Kiswahili. Mwalimu wao alijua "jambo" na "asante" tu. Hata hivyo, alisoma hadithi, akauliza swali, kisha akawaambia wajadiliane wawili wawili kwa lugha yoyote. Baada ya dakika 3 aliandika ubaoni mwanzo wa sentensi ya Kiingereza. Wakaimalizia kwa kuambiana, na mwisho kila jozi ikalieleza darasa.

Mvulana mmoja alibishana vikali na mwenzake, kwa Kiswahili, kama mzee wa hadithi alikuwa mchoyo au mwoga. Aliposimama kusema kwa Kiingereza, maneno yalikuwa machache na yenye makosa. Lakini alikuwa na la kusema.

Nikakumbuka shule yangu ya msingi. Aliyesikika akisema lugha ya mama alivikwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Tulichojifunza hasa ni kunyamaza. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini kimya kile nilikikuta katika madarasa niliyokuja kufundisha. Mtihani wetu nao umekizoea: katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, hata stadi za kuzungumza hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika jinsi ambavyo angelikariri shairi. Hakuna anayemsikia akilikariri.

Niliporudi, mwalimu mkuu alinipokea vizuri, kisha akanionya: "Ya Marekani yaache Marekani. Hapa tunataka alama." Niliomba kipindi kimoja tu kwa wiki, kwa muhula mmoja, katika Kidato cha Pili. Walikuwa wanafunzi 58, wamebanana hata dawati haliwezi kusogezwa. Basi jozi ikawa ni mtu na jirani yake, wajadiliane kwa Kidigo, Kiduruma au Kiswahili.

Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu, na mwalimu wa darasa la pili alilalamika. Wengine walizungumza mpira. Nikapunguza muda hadi dakika 2, na kila jozi ikatakiwa kuandika sentensi moja ya Kiingereza kabla ya kusimama. Mambo yakatulia.

Kulikuwa na msichana ambaye tangu Kidato cha Kwanza nilisikia sauti yake wakati wa kuita majina tu. Wiki ya tano alinong'ona na jirani yake kwa Kiduruma, akaandika, akasimama. Alisema kwa Kiingereza kwamba hakubaliani nami: yule mama wa hadithini hakuwa mjinga, alikuwa amechoka. Darasa lilinyamaza, kisha likaanza kubishana. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita, alisimama dirishani kitambo. Baadaye aliniambia, "Endelea, lakini silabasi imalizike."

Mbinu hii si muujiza, wala si siri. Mmarekani Frank Lyman aliieleza mwaka 1981: fikiri, jadiliana na mwenzako, kisha waeleze wote. Ningeweza kuisoma kitabuni. Lakini ng'ambo nilipata nafasi ambayo sikuwa nimepewa hapa nyumbani: kuketi nyuma ya darasa la mwalimu mwingine, si kumkagua, bali kumtazama akifanya kazi.

Nafasi za ng'ambo ni chache, na anayelipa huweza kuzifunga siku yoyote. Darasa la jirani halihitaji viza. Walimu wakuu wangetenga kipindi kimoja kwa wiki, kila mwalimu amtembelee mwenzake, gharama ingekuwa kiti tu. Mwalimu mwenzangu, kesho Jumatatu mwombe jirani yako ruhusa. Keti dawati la nyuma, uwaangalie wale wasiosema.